Notisi ya Pili

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijakumbuka kazi yake,
nauzungukia mtaa wetu kwa kigari cha gofu,
rula mfukoni, daftari pajani.
Nyumba mia mbili na kumi na mbili, zote rangi ya mchanga,
yaani rangi tatu za mchanga, tulizozipigia kura.
Mapipa ya taka yawe yamerudi ndani ifikapo saa sita.
Magugu kwenye kokoto yasipite urefu wa kidole cha kati.
Nilikuwa tarishi miaka thelathini na mmoja,
nikipeleka barua za watu.
Siku hizi naziandika.

Arizona, mwezi wa saba. Alasiri
kitasa cha mlango kinauma kama nge.
Mpira wa maji ukiufungua, dakika ya kwanza
unatoa chai.
Njiwa wamepanga foleni
ndani ya kivuli cha nguzo ya taa.

Namba arobaini na nane anakaa Marlys Ostergaard.
Mumewe, Delwyn, alikufa mwezi wa pili
akiwa na mkasi wa kupogolea mkononi.
Mbele ya dirisha lao kuna mti wa okotiyo:
fimbo kumi na tisa, kama mishikaki isiyo na nyama,
kijivu, miiba mitupu, bila jani hata la kusingizia.
Niliandika: Mti uliokufa. Ung'olewe ndani ya siku kumi na nne.
Faini dola hamsini, na hamsini kila wiki.
Nikatia sahihi. Verlin Tuckett, katibu.

Alikuja kwangu na barua, hakuketi.
"Haujafa," akasema. "Umenyamaza."
Nikamwonyesha kanuni, kifungu cha saba.
Akakisoma chote, hata maandishi madogo.
"Delwyn alikuwa akiukwaruza kwa ukucha.
Wewe ulikwaruza?"

Sikukwaruza.

Siku ya kumi na mbili mawingu yalisimama upande wa kusini
kama wajumbe wasiotimia akidi.
Kisha ukuta mzima wa vumbi
ukameza bendera, ukameza bwawa la kuogelea;
kisha mvua, dakika ishirini,
mvua ya mdeni aliyechoka kudaiwa, analipa kwa kutupa.
Asubuhi kokoto za mtaa zilikuwa barabarani.
Hata zangu. Hasa zangu.
Na mti wa mwenyekiti, wa kijani, uliopogolewa,
uliotimiza kifungu cha saba neno kwa neno,
ulikuwa umelala juu ya gari lake.

Siku ya kumi na nne nilikwenda namba arobaini na nane,
notisi ya pili imekwisha pigwa muhuri.
Fimbo kumi na tisa
zilikuwa zimevaa majani toka chini hadi nchani,
madogo, mengi, kana kwamba mtu
ameshona vifungo gizani usiku kucha
asikosee tundu hata moja.
Nikavua kofia. Sijui kwa nini; hakukuwa na mtu.
Nikachagua fimbo isiyoonekana toka dirishani,
nikakwaruza.
Kijani.

Waliosema usilolijua ni usiku wa kiza
hawakusema kuna usiku wenye jua kali hivi.

Marlys akafungua mlango, kikombe mkononi.
"Umekuja kupima?"
Nikatoa rula, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.
Fimbo tatu zimeingia njia ya miguu
inchi nne na nusu. Kifungu cha tisa.
Nikamwambia. Ningefanyaje? Mimi ni katibu.
Akacheka hadi kahawa ikamwagika,
na kokoto zikainywa kabla hatujaiona.
Akaingia ndani, akarudi na mkasi wa Delwyn,
akanishikisha upande wa mpini.
"Kata basi. Taratibu.
Na hizo fimbo usizitupe. Ukizichomeka ardhini, hushika."

Ziko mbele ya nyumba yangu sasa, tatu,
kavu, kijivu, kinyume cha kanuni.
Kila alfajiri kigari kinapita hapo.
Daftarini, ukurasa wa namba kumi na sita,
bado sijaandika kitu.